Majani Yenye Kubeba Maji: Tuijue Sfagnumu na Mare za Milima Yetu

Nianze na swali. Je, umekwisha kuona majani ambayo unayakamua kwa mukono moja na maji yanatiririka kama vile unakamua nguo iliyotoka mutoni? Kama unakaa huku juu milimani, labda umeyakanyaga mara nyingi bila kuyajua. Kama unakaa chini, karibu na mashimo ya kasiterite ao ya dhahabu, inawezekana maji unayokunywa yamepita kwanza ndani yake.

Mimi nimeyakanyaga miaka mingi. Tena nilifanya zaidi ya kuyakanyaga. Nitakuelezea hapo chini, maana sitaki kukufundisha kama mutu asiyekuwa na deni.

Mwezi wa 9 mwaka 2023, kijana mmoja wa korali yetu alinifuata nyumbani jioni. Kijana huyu anatumika na ekipe ya wachimbaji. Aliongea hivi:

"Baba Pasta, pedege wetu anataka tukate mufereji katikati ya ile mare ya kule juu, mayi ishuke mupaka fasi tunaosheaka muchanga. Bazee banakataa. Banasema ile mare iko na benyewe. Sisi tunaona ni majani tu. Weye unasema nini?"

Sikumujibu palepale. Nilimuambia: "Mwanangu, tuende kwanza tuone kile munachotaka kukata." Kisha siku tatu tulipanda watu watano. Tulibeba fimbo ya mwanzi ya mita 4, kisu, sahani moja nyeupe, na kioo kidogo cha kukuza ambacho fundi wa saa alituazima. Huyo fundi alikuwa na mashaka sana juu ya kioo chake, na alikuwa na haki, kwa sababu kilianguka ndani ya matope mara mbili.

NAMNA YA KUITAMBUA

Unajua yale majani madogo laini ya kijani yanayoota juu ya mawe, juu ya matofali ya zamani na juu ya miti fasi yenye baridi. Hayana maua wala mbegu, wala mizizi ya kweli. Kwa Kifaransa yanaitwa musi. Kuna aina maelfu. Lakini kati yao kuna ukoo moja ambao haufanani na wengine, nao wenye elimu wanauita sfagnumu. Duniani pote ukoo huo una aina zaidi ya 300. Nyingi ziko katika nchi za baridi, kama vile Kanada, Urusi, Ireland na Scotland. Lakini hata sisi wa karibu na ikweta tunayo, mradi tupande juu fasi yenye baridi na maji: Ruwenzori, milima ya Virunga, na milima mingine ya mpaka huu wa Kongo, Rwanda na Burundi.

Ukifika penye mare, usitazame mbali. Piga magoti. (Vaa suruali ya zamani.) Tazama kwanza juu ya kila mumea: sfagnumu iko na kichwa. Matawi madogo ya juu yamejikusanya pamoja, na ukiyatazama toka juu unaona kama nyota ao kama kifungo cha nguo ya mutoto. Vichwa vinasongamana maelfu na maelfu, kimoja kando ya kingine, mupaka vinafanya godoro. Musi zingine hazina kichwa cha namna hiyo.

Sasa vuta mumea mumoja polepole. Utatoka bila kukataa, kwa sababu hakuna mizizi inayoushika. Utaona shina jembamba, na toka shina hilo matawi yanatoka kwa mafungu. Hapo ndipo utambue vizuri: katika kila fungu, matawi mengine yananyooka upande, na mengine yanaanguka chini yakilala juu ya shina. Haya ya kulala yanafanya kazi kama utambi wa taa ya petroli: maji yanapanda kati yao na shina, toka chini mupaka kichwani. Chini ya kichwa mumea ni wa kijani ao mwekundu, lakini ukishuka sentimita chache unakuwa wa njano, halafu wa kahawia, kisha hauoni tena mumea ila uchafu wa kahawia. Sehemu ya juu inaishi, ya chini imekufa, na bado ni mumea uleule.

Kisha kamua. Hakuna alama nyepesi kuliko hiyo. Sfagnumu inaweza kubeba maji hata mara 20 ya uzito wake ikiwa mikavu. Tulipokamua konzi moja juu ya sahani, maji yalijaza sahani. Kijana wa korali alicheka: "Hii ni eponje, Pasta!" Alisema kweli. Halafu ukiacha konzi hiyo juani, inageuka nyeupe kama karatasi ya zamani. Ukiirudisha majini, rangi inarudi.

Rangi isikudanganye. Vijana wengi wanafikiri nyekundu ni aina moja na kijani aina ingine. Mumea uleule unaweza kuwa kijani kwenye kivuli na mwekundu kwenye jua. Wenye elimu wenyewe hawategemei rangi peke yake. Wanatazama umbo la majani ya matawi na ya shina, hata wanakata shina na kuliweka chini ya mikroskopi. Kuna aina ambazo majani yake yamejikunja kama mutumbwi, mwisho wake kama kofia: hizo ni nene, zinajaa mukono. Kuna zingine ambazo majani yamepinda nje, mumea wote unachomachoma kama nyota. Kuna inayokaa ndani ya maji kabisa: ukiinyanyua inashuka yote, nyembamba, sawa paka aliyetumbukia mutoni. Wewe na mimi itatutosha kusema "hii ni sfagnumu" na "hii si sfagnumu". Jina la aina tuwaachie wenye mikroskopi.

Wengi wanakosea hapa: zile nywele za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya milima mirefu si sfagnumu. Hizo ni likeni. Ukizikamua, hazitoi maji ya kujaza kitu.

NDANI YA JANI MOJA

Kioo cha fundi saa hakikutosha kuona jambo hili, lakini nilikwisha kuliona chini ya mikroskopi ya shule moja ya sekondari, nikashangaa. Jani la sfagnumu ni jembamba sana na lina vyumba vya namna mbili. Kuna vyumba vyembamba vya kijani vinavyoishi na kutengeneza chakula. Kati yao kuna vyumba vikubwa vilivyokufa. Ndani yao hakuna kitu, na kuta zao ziko na matundu. Vyumba hivyo vilivyokufa ndivyo vinavyobeba maji. Mumea unatengeneza vyumba, unaviacha vife, halafu unaishi kwa faida ya vile vilivyokufa.

Jambo la pili haulioni kwa macho lakini lina nguvu zaidi. Sfagnumu inanyonya toka maji chumvichumvi kama kalsiumu na manyeziumu, na mahali pao inatoa uchachu, yaani asidi. Maji ya mare yanakuwa makali kidogo, na pia maskini: chakula cha mimea ni kidogo ndani yake. Mimea mingine inashindwa, na sfagnumu inabaki na shamba lake. Ndiyo maana katika mare za namna hii utaona mimea ya ajabu inayovumilia njaa. Katika mare nyingi maskini za Afrika kuna kimumea kidogo chekundu kinachoitwa drosera, chenye nywele zenye gundi. Inzi akitua anashikwa, na mumea unamula polepole. Udongo haumupi chakula cha kutosha, basi anawinda.

Sasa unganisha mambo haya matatu: maji yanayosimama, hewa isiyoingia chini, na uchachu. Kitu kinachokufa kinaoza kwa sababu ya vijidudu, na vijidudu vya kuozesha vinahitaji hewa. Chini ya mare hewa haiko. Basi mumea unaokufa hauozi wote. Unalala pale. Mwaka kesho mwingine unalala juu yake. Hivyo inatengenezwa ile tunayoita turbe, ambayo ndugu zetu wa Rwanda wanaiita nyiramugengeri. Katika nchi za baridi, kwa hesabu ya kawaida, turbe inapanda karibu milimita 1 kwa mwaka. Mita 1 ni kazi ya miaka 1000.

Nguvu hiyo ya kuhifadhi inaonekana katika jambo lililotokea Denmark mwaka 1950. Watu waliokuwa wanachimba turbe ya kuwasha moto walikuta maiti ya mwanaume. Uso wake ulikuwa wazima, hata ndevu fupi za kidevu zilionekana. Waliita polisi, wakifikiri ameuawa karibuni. Alikuwa amelala pale zaidi ya miaka 2000. Anajulikana kwa jina la mutu wa Tollund.

Na katika vita vya kwanza vya dunia, pamba ilipopunguka, Waingereza walikumbuka kwamba sfagnumu inanyonya damu na usaha kuliko pamba. Wamama na watoto walitumwa mare kuivuna, ikakaushwa, ikachaguliwa, ikashonwa ndani ya vitambaa. Kufikia mwaka 1918 Uingereza ilikuwa inatuma karibu vitambaa milioni 1 kwa mwezi vya kufunga majeraha ya askari. Lakini tafadhali, mama usomaye ukurasa huu, usikimbie kuweka sfagnumu ya mare juu ya kidonda cha mutoto! Wale waliitengeneza kwa uangalifu. Ikitoka mare moja kwa moja inaweza kubeba kuvu inayoingia kwenye mukwaruzo na kuleta vidonda vinavyofuatana mukononi kama shanga kwenye uzi. Wenye kutumika na sfagnumu katika bustani za Ulaya na Marekani wanaijua taabu hiyo, ndiyo maana wanavaa glovu. Ukiishika, nawa kwa sabuni.

MARE SI MOJA

Hapa nataka kurekebisha kosa ambalo mimi pia nilikuwa nalo. Nilipojifunza habari ya sfagnumu, nilianza kufikiri kila mare yenye udongo mweusi imetengenezwa nayo. Si hivyo. Kuna mare inayokunywa maji ya mvua peke yake, na hiyo ndiyo nyumba ya kweli ya sfagnumu. Kuna nyingine inayopata maji toka mito na chemchemi. Maji hayo yamepita kwenye udongo na mawe, yamebeba chakula, basi huko unakuta mafunjo na majani marefu ya kukata vidole. Ukishuka toka milima kwenda mabonde ya chini, turbe nyingi ni ya mafunjo. Ukipanda Ruwenzori, kati ya miti ya erika na lobelia zile ndefu kama kinara, unakuta sfagnumu pamoja na majani magumu yanayoota kwa vichaka mviringo, na wapanda milima wanaruka toka kichaka kimoja mupaka kingine ili wasizame.

Na kuna turbe isiyotoka kwa sfagnumu wala mafunjo, ila kwa miti. Hiyo iko katikati ya Kongo yetu, kule misitu ya Equateur na nchi ya jirani ya Kongo-Brazzaville, fasi maji yanasimama chini ya miti na chini ya mitende ya rafia. Wavuvi na wawindaji wa kule walijua kwamba ardhi ni laini, lakini ukubwa wake haukupimwa. Mwaka 2017 wenye elimu wa Uingereza na wa Kongo walitangaza hesabu: kilometa za mraba 145,500 za turbe, yenye kaboni karibu tani milioni elfu 30. Mwaka 2022, kisha kupima zaidi upande wetu, hesabu ya eneo ilipanda kufika 167,600. Sehemu kubwa, karibu mafungu mawili kwa matatu, iko katika nchi yetu.

Kaboni ni kitu gani? Ni ile ambayo mumea unaitoa hewani ukijenga mwili wake. Ukioza ao ukiungua, inarudi hewani na kuongeza joto la dunia. Ikilala ndani ya turbe, imefungwa. Ile ya katikati ya Kongo peke yake ni sawa na moshi ambao dunia nzima inatoa karibu miaka 3 ikichoma mafuta, makaa na gesi. Na kufuli lake ni maji tu. Wale wapimaji walikuta kwamba zamani sana hali ya hewa ilikauka kule, na turbe ya miaka maelfu ikaoza ikapotea. Katika tabaka walizochimba kuna kipande cha nyakati ambacho ni kama ukurasa uliong'olewa katika buku.

WALIOKAUSHA MBELE YETU

Mufano wa karibu uko Rwanda, kaskazini, mare ya Rugezi, juu ya mita 2000. Maji ya Rugezi yanaingia ziwa Bulera, na toka Bulera yanashuka kuendesha mashine za umeme za Ntaruka, halafu yanaendelea mupaka za Mukungwa. Watu walikata mifereji ndani ya mare wapate mashamba. Ongeza na ukavu wa mvua na kutumia maji ya ziwa kupita kiasi. Mwaka 2003 na 2004 ziwa lilishuka, umeme ukapunguka, na inchi nzima ikaanza kununua mafuta ya kuendesha mashine kwa bei kali. Serikali ilizuia kilimo ndani ya mare, mwaka 2005 Rugezi ikaandikwa katika orodha ya Ramsar ya mare za dunia zinazolindwa, na maji yakaanza kurudi. Lakini usisahau pia wale walioondolewa mashamba yao. Kwao, mare ilirudi pamoja na njaa. Jambo hili haliko na upande mumoja.

Indonesia ilikuwa mbaya zaidi. Katika miaka ya 1990 kule kisiwa cha Borneo serikali ilichimba mifereji maelfu ya kilometa katika turbe ya musitu ili walime mupunga kwenye hektari milioni 1. Mupunga haukukubali. Turbe ikakauka, na mwaka 1997 ikashika moto. Moto wa turbe hauzimwi kama moto wa majani: unashuka chini ya udongo, unatembea kwa siri, unatokea fasi ingine. Moshi ulifika nchi za jirani, shule zikafungwa, viwanja vya ndege pia.

Na sasa deni langu. Mwaka 2009 nilikuwa muchungaji mupya, nimetoka shule ya Biblia, nikiwa na nguvu nyingi na elimu kidogo ya udongo. Tulikuwa na wajane wengi kisha vita. Shirika moja lilitupatia majembe na mbegu za kabichi na viazi. Niliona mare ndogo upande wa kusini wa kijiji, nikasema: "Hii ni ardhi inayolala bure." Tulikata mifereji mitatu. Mimi mwenyewe nilishika jembe la kwanza, na kuna picha.

Mwaka wa kwanza kabichi zilikuwa kubwa sana. Watu walikuja toka vijiji vingine kuziona. Mwaka wa pili zilikuwa za kadiri. Mwaka wa tatu udongo ulianza kushuka, mupaka jiwe lililokuwa limefunikwa likatokea nje kama goti. Wakati wa jua udongo ulikuwa unga mweusi, maji yakimwagwa juu yake yanakimbia tu bila kuingia. Turbe ikishakauka sana inakataa maji, sikujua hivyo. Mutu moja alichoma majani ya shamba lake, na moshi ukatoka chini ya ardhi wiki mbili. Na kisima cha chini ya mare, fasi wamama walikuwa wanajaza bidoni ya lita 20 wakisimama kidogo tu, kilibaki na uzi wa maji. Tangu siku zile watoto wa kike wanashuka mupaka mutoni, na mutoni kuna matope ya wachimbaji.

Hakuna aliyenilaumu mbele ya watu. Muzee mumoja tu aliniambia, "Pasta, tulikuambia iko na benyewe." Nilikuwa nimefikiri anaongea habari ya mizimu, nikamuhubiria sana. Leo nafikiri alikuwa anataka kusema kwamba watu wa chini ndio wenyewe.

KURUDI KULE JUU

Basi turudi kwa wale vijana. Tulipofika katikati ya mare yao, niliwaomba wasukume fimbo ya mwanzi chini. Walisukuma kwa mikono miwili. Mita 1, mita 2, mita 3. Ilikwenda yote 4 na haikugusa kitu kigumu. Walinyamaza. Niliwaambia: kama ile hesabu ya milimita 1 kwa mwaka ni ya kweli hata hapa, fimbo yenu imepita miaka 4000. Labda hapa turbe inapanda haraka zaidi, labda polepole zaidi, lakini si kitu cha mwaka 1.

Tulitazama pia fasi maji yanatokea upande wa chini. Yalikuwa ya kahawia kama chai bila maziwa. Mare ya sfagnumu mara nyingi inatoa maji ya rangi hiyo, na rangi peke yake haimaanishi sumu wala kutu ya madini. Lakini kwa kunywa, chemsha, kama unavyochemsha mengine.

Kijana wa korali aliuliza swali la kweli: "Pasta, na kama tunaacha, tutaoshea muchanga wapi? Pedege amekwisha kutulisha miezi mbili. Tuko na deni yake." Sikuwa na jibu la kutoka mufukoni. Mutu mwenye deni na mwenye njaa haumuambii habari ya vyumba vya jani na kumuacha aende. Tulizunguka mulima mupaka saa tisa. Upande wa magharibi, chini ya mare, kuna kijito kinachotoka kwenye mawe. Ni mbali: mufereji wa pale ni karibu mita 300 zaidi kuliko ule waliotaka kukata. Pedege alipandishwa na wazee na chefu wa kijiji, wakabishana siku nzima. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba kijiji kitoe mikono ya kuchimba zile mita 300. Ilichukua siku 11. Hata sasa analalamika kwamba maji ya kule ni kidogo mwezi wa 7. Na upande mwingine wa mulima kuna ekipe ingine ambayo haikuhudhuria mabishano yale, na sijui watafanya nini.

Mare yangu ya kusini, ile ya kabichi, tumeanza kuirudisha. Kazi si ya ajabu: unaziba mufereji. Tulipiga miti miwili miwili kuvuka mufereji, tukajaza katikati na mabonge ya turbe yenye maji, tukakanyaga, kila mita 10 kizuizi kimoja. Usitumie mawe na mchanga, maji yanapita. Wakanada wa Quebec wanafanya zaidi: wanakusanya vipande vya sfagnumu toka mare nzima, wanavitawanya juu ya turbe iliyo wazi, halafu wanafunika na majani makavu ili jua lisiviue. Kipande kidogo cha sfagnumu kinaweza kuota tena, hata bila mbegu. Tulijaribu vivyo hivyo na majani ya ngano. Fasi tatu kati ya tano ilikufa. Mbili imeshika, ziko kama sahani mbili za kijani, na watoto wa Jumapili wanakatazwa kuzikanyaga.

Ninyi vijana mulio karibu na mare, ningependa mutusaidie kuzijua. Chukueni kichwa kimoja kimoja, si magunia. Kamueni, mukikunje ndani ya karatasi, si ndani ya nailoni, kwa sababu ndani ya nailoni kitaoza. Andikeni juu ya karatasi fasi, siku, na kama kilikuwa juu ya kilima kidogo cha mare, penye usawa, ao ndani ya maji, maana kila aina iko na kiti chake. Mutazame pia kama kuna vifuko vidogo vya mviringo, vya kahawia nyeusi, juu ya vichwa. Hivyo vikikaukia juani vinapasuka kwa nguvu na kurusha unga wa uzazi zaidi ya sentimita 10 juu, upate upepo. Mimi sijabahatika kuona kimoja kikipasuka. Nimelala pale kifudifudi saa nzima mbele ya mama mumoja wa kanisa aliyekuwa anapita na kuni, na aliuliza kama Pasta ni mugonjwa.

Kwenye kisima cha chini tumepiga fimbo yenye alama za sentimita. Kila Jumamosi binti mumoja wa darasa la sita anasoma alama na kuandika kwenye kaye yake. Mwezi wa 7 mwaka 2024 bidoni ya lita 20 ilijaa kwa dakika 14. Mwezi wa 7 mwaka 2025, dakika 9.